Kutu Katika Mifupa Yangu

Ukiambiwa huna damu ya kutosha, watu wako watakulisha. Watafanya hivyo kabla ya kulia na kabla ya kuomba, na watafanya kwa upendo. Naandika haya kwa ajili yako wewe unayekaa leo kwenye benchi nililokaa mimi, na kwa ajili ya hao wanaokuletea chakula. Sikuandika mapema kwa sababu mkono haukuwa na nguvu, na pia kwa sababu sikuwa na neno jema la kusema. Hata sasa maneno mema ni machache. Nitakupa yaliyopo.

Mimi ni mwanamke wa umri mkubwa, mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Nimeolewa upande wa Kiirua, kule Meru, lakini nilizaliwa Kanja, kule Embu. Hapa Kiirua naitwa Mama Mwenda, kwa jina la kifungua mimba wangu. Jina langu la utotoni, Igoki, limebaki kinywani mwa mtu mmoja tu, dada yangu Wawira, aliyenilea baada ya mama yetu kufariki nikiwa bado sijui kufunga vifungo vya nguo.

Ugonjwa ulianza wakati wa kuchimba viazi. Nilikuwa nikiinama kwenye tuta, na kila nilipoinuka, shamba lote lilizunguka pamoja na mlima. Nikasema ni uzee. Kisha mapajani na mikononi yakaanza kutokea madoa ya zambarau, kana kwamba kuna mtu alikuwa akinipiga usingizini. Mume wangu, Baba Mwenda, aliyaona siku moja nikiosha miguu, akasema watu watampeleka kwa chifu kwa kosa la kupiga bibi. Nilicheka kidogo. Nilikuwa sijamwambia kwamba asubuhi nikipiga mswaki, mate hutoka mekundu.

Kwenye zahanati walinivuta kope la chini, wakaona weupe, wakanipa vidonge na dawa ya maji ya kuongeza damu. Siwalaumu. Mama yeyote mweupe machoni hupewa hivyo, na wengi hupona. Nilirudi nyumbani, na kabla ya jua kutua habari ilikuwa imefika kanisani.

Sisi akina mama wa kanisa tuna desturi yetu, na mimi ndiye niliyeiongoza kwa muda mrefu kuliko mwingine yeyote. Mtu akiugua, tunakwenda na kibuyu cha ucuru, ule uji wa wimbi uliochachuka. Tunaketi, tunamimina, mgonjwa anaonja kwanza, kisha kikombe kinazunguka, kisha tunaomba. Mgonjwa hakatai. Nilikuwa nawaambia wasichana waliojiunga nasi kwamba anayekataa uji amekataa mkono, na anayekataa mkono amekataa maombi. Na kibuyu hakirudishwi kitupu. Ukipona unakirudisha mwenyewe ukiwa umetia kitu ndani, hata kama ni maharagwe kidogo.

Basi walinijia. Karambu, rafiki yangu anayeuza mboga katika soko la Gakoromone, alileta bitiruti na mboga za majani, terere na managu, mafungu kwa mafungu. Mwingine alileta maini ya ng'ombe. Nilikula mpaka nikachukia harufu ya jikoni kwangu. Na kutoka Kanja akaja dada Wawira, na ndani ya kikapu chake, chini ya ndizi, alikuwa na kipande cha jembe la zamani alichokisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa.

Nilikijua kile chuma. Nilipomzaa Mwenda nilitokwa na damu nyingi hata wakunga wakaanza kunong'ona, na Wawira ndiye aliyekaa nami. Alichemsha kile chuma kwenye supu ya mifupa kwa saa nyingi, akakamulia ndimu, akaninywesha kijiko kwa kijiko. Mama yetu alifanya vivyo hivyo. Nami nilisimama tena. Kwa hiyo alipokitumbukiza kwenye sufuria yangu jikoni, sikuuliza kitu. Nilinywa nikishukuru, na nikazidi kufifia.

Ilipofika wakati minji, yaani njegere, inatoa maua, sikuweza kutoka kitandani mpaka mlangoni. Mwenda, anayefanya kazi Meru mjini, alikuja akanibeba. Hospitalini walinilaza kwa ubavu wakaingiza sindano nene kwenye mfupa wa nyonga, wakavuta kitu kutoka ndani. Sitakudanganya, inauma, na uchungu wake si wa ngozi. Ni kama mtu anang'oa mzizi wako. Muuguzi mdogo alinishika kichwa akaniambia, kama anayesema na nyanya yake, "Shosho, imba kama unaweza." Nilijaribu. Nilisahau maneno ya wimbo ambao nimeuimba tangu utoto.

Kisha tukasubiri majibu. Usidhani kwamba kusubiri ni kutofanya kitu. Ni kazi, na inachosha kuliko kuchimba. Tuliketi kwenye ukumbi ule wenye benchi za mbao, watu wakiitwa mmoja mmoja, na kila aliyetoka tulimtazama uso. Pembeni palikuwa na dirisha ambapo jua la asubuhi lilifika, na mzee mmoja kutoka Chogoria alikuwa akikaa hapo. Aliniona nikitetemeka, akasogea, akaniwekea nafasi. Tangu siku hiyo kila tulipokutana kliniki aliniwekea kofia yake kwenye kiti cha jua mpaka nifike. Hatukuambiana majina. Baada ya muda nilifika nikakuta kile kiti kikiwa na mtu mwingine, na hapakuwa na kofia. Sikuuliza. Nilikaa upande wa baridi.

Daktari alinieleza kwa upole. Alisema ndani ya mifupa kuna kitalu, kama kitalu cha miche. Mbegu za damu hugawanyika hapo, moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, usiku na mchana, bila mtu kujua. Kitalu changu kilikuwa kimejaa mbegu, lakini zilikuwa zikigawanyika vibaya. Zilikuwa zikivunjika katikati ya kazi na kufa kabla ya kutoka shambani. Nikamuuliza kama kuna dawa. Alisema kwa umri wangu hakuna dawa ya kukibadilisha kitalu. Watanipa damu ya watu wengine, na tutaona.

Tutaona. Ndilo neno nililokwenda nalo nyumbani.

Tangu siku hiyo niliacha kuhesabu miezi. Nilihesabu mifuko ya damu. Mfuko ukiingia, nilirudi duniani. Niliweza kufagia uwanja, kwenda kanisani, kusikia ladha ya chumvi. Kisha taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta, nilianza kuzimika, mpaka mfuko mwingine. Vijana wa kwaya walikwenda kutoa damu ili irudishwe ile niliyotumia. Baba Mwenda alikuwa akinitania kwamba sasa nimejaa sauti ya pili. Mara moja alijitolea kijana mmoja wa sokoni anayejulikana kwa ulevi, na mume wangu akasema, "Jumapili hii usiende karibu na mimbari. Pastor atasikia harufu." Nilicheka mpaka nikashindwa kupumua. Nakuambia hili ili ujue kwamba tulicheka pia. Lakini kulikuwa na siku nilizofika nikaambiwa damu ya kundi langu haipo, nirudi keshokutwa, na nilipanda gari kurudi nyumbani nikihisi moyo ukigonga kifuani kama mtu aliyefungiwa nje.

Wakati wa mvua ndefu watu walianza kunisifu rangi. Weupe ulikuwa umetoka usoni, nikawa na rangi ya udongo wa shaba. Akina mama walimshukuru Mungu. Wawira, ambaye alikuwa bado anakaa nasi, alinigeuza uso kwenye mwanga akasema, "Igoki, chuma kinafanya kazi."

Kilikuwa kinafanya kazi kweli.

Kwenye kliniki iliyofuata daktari alitazama ile rangi, na hakufurahi. Alipima damu, kisha akatuita mimi na Mwenda. Akasema kila mfuko wa damu huja na chuma chake, na mwili wa binadamu hauna mlango wa kukitoa. Kimejazana kwenye ini, moyoni, na ndani ya kile kitalu. Kisha akaniuliza, "Mama, jembe ukiliacha nje kwa mvua linakuwaje?"

Nikasema linashika kutu.

Akasema ndivyo ilivyo ndani yangu. Chuma kilichozidi kinazaa kutu, na ile kutu inazila chembe za damu zinapojaribu kugawanyika. Zile mbegu chache ambazo bado zilikuwa na nguvu ya kuwa mbili, kutu inazikata katikati. Akaniuliza ninakula nini. Nikamwambia yote, maini, dawa ya maji, supu ya kipande cha jembe yenye ndimu.  Alisema mzigo mkubwa umetoka kwenye mifuko, si kwenye sufuria, lakini mimi nimekuwa nikiongeza juu ya mzigo, na ndimu imekuwa ikikifungulia njia. Niache dawa ya maji. Niache maini. Supu ile nisiiguse tena, wala ndimu. Uji wa wimbi nao niuweke kando mpaka chuma kishuke. Watanipa vidonge vya kukitoa, ingawa si rahisi kuvipata. Na kama hakitatoka, alisema, moyo utachoka kabla ya damu.

Nikamuuliza kama kikitoka nitapona. Alisema ugonjwa utabaki. Lakini huenda kile kitalu kikapata nafasi ya kufanya kazi kidogo.

Tuliporudi nyumbani tulikuta akina mama wamekuja. Karambu alinimiminia kikombe cha kwanza. Nilikifunika kwa kiganja.  Nikawaeleza habari ya kutu kadiri nilivyoweza, na nikiwa naeleza nilisikia ilivyo ya ajabu, kwamba mtu asiye na damu anauawa na kile kinacholeta damu. Karambu alikishika kile kikombe kwa mikono miwili. Akasema polepole, "Mama Mwenda, ni wewe ulitufundisha."

Waliomba bila kunywa. Maombi yalikuwa mafupi.

Wawira alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Wageni walipoondoka, nilimkuta ameketi mbele ya moto, supu ikichemka. Nilimwambia kwa Kiembu chetu cha nyumbani, nikijaribu kuyalainisha maneno. Hakugeuka.

"Nilikutoa kaburini na chuma hiki," alisema.

Nikasema najua.

"Mama alikufa kwa sababu hatukuwa nacho siku ile. Nilikitafuta nyumba nzima. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu."

Hilo sikuwa nimelijua. Miaka yote hiyo, hakuwahi kuniambia. Nilitaka kumgusa bega, lakini alikuwa ameshaingiza koleo kwenye sufuria, akatoa kile kipande, akakiweka sakafuni kipoe. Asubuhi alikifunga kwenye leso, akachukua kikapu. Baba Mwenda alimsindikiza mpaka barabarani akimsihi abaki. Wawira alimwambia kwamba mtu aliyeshiba maneno ya daktari hahitaji dada.

Hakupiga simu mvua hiyo yote. Nikimpigia, mjukuu wake alikuwa akisema ameenda shambani.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuruka, lakini huenda ni wewe uko hapo. Vidonge vilinigeuza tumbo. Nilitapika hata maji. Viungo viliuma hata nikashindwa kupiga magoti, na mimi nimepiga magoti kila asubuhi tangu nikiwa msichana. Niliomba nikiwa nimelala, kisha nikaacha kuomba. Nilikuwa nimewaambia wagonjwa wengi, nikiwa nimeketi kando ya vitanda vyao na kikombe cha uji mkononi, kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Sitamwambia mtu neno hilo tena. Niliubeba mzigo ule kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuutua. Baba Mwenda alikuwa akiketi kando yangu jioni akisoma Neno la Mungu kwa sauti, na mimi nilitazama paa nikitamani anyamaze. Nafikiri alijua. Aliendelea kusoma, lakini kwa sauti ya chini, kama anayejisomea mwenyewe.

Wageni walipungua. Mtu asiyeweza kunywa uji wako ni vigumu kumtembelea, hujui mikono uiweke wapi. Mimi niliyejenga desturi ile nilikuwa nimejifungia nje yake. Karambu peke yake aliendelea kupita, akitoka Gakoromone, mikono mitupu. Aliketi, akanipa habari za sokoni, nani ameuza karoti zilizooza, nani amegombana na nani juu ya nafasi ya kivuli, kisha akaondoka. Sijui kama anajua kwamba kulikuwa na wiki ambazo nilibaki hai kwa ajili ya karoti zile.

Asubuhi moja, baada ya kukojoa, niliona mkojo umekuwa mwekundu kama maji yaliyokaa kwenye debe lenye kutu. Nilijua nimefika mwisho. Nilirudi kitandani bila kumwambia mtu, nikafunga kilemba vizuri ili wasipate shida ya kukifunga baadaye. Mwenda alipofika nilimwambia, naye akampigia muuguzi simu. Muuguzi alicheka, mtoto yule, akasema, "Shosho, hicho ni chuma kinatoka. Shukuru Mungu."

Nilishukuru. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na nilikuwa nashukuru kwa mkojo.

Rangi ya shaba ilianza kuondoka taratibu. Watu wakasema nimerudi kuwa mgonjwa. Mifuko ya damu iliendelea, na kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika, mpaka ukafika wakati wa kupanda viazi tena. Siku hiyo nilikwenda kliniki nikiwa tayari kwa mfuko, daktari akatazama majibu akasema leo sihitaji, nirudi baadaye. Alisema kitalu kimejitahidi kidogo. Aliniomba nisifurahi kupita kiasi. Hakuwa na haja ya kuomba. Furaha nilikuwa nimeisahau, kama maneno ya ule wimbo. Nilikaa kwenye ukumbi, kwenye kiti cha jua, kwa sababu siku hiyo kilikuwa wazi, na nikamlilia yule mzee wa kofia ambaye sikumjua jina.

Wawira alikuja wakati viazi vimechipua. Sikumtarajia. Alikuwa amezeeka kuliko alivyokuwa alipoondoka, na kutoka Kanja mpaka kwetu si safari ya mtu wa umri wake. Aliingia bila kupiga hodi, akaketi, akatoa kibuyu kwenye kikapu, kibuyu cha mama yetu chenye ufa ulioshonwa kwa uzi.  Sikuwa na nguvu ya kumkatalia mara ya pili.

"Nilienda zahanati ya kwetu," alisema. "Nikawauliza kama chuma kinaweza kuua mtu. Nilijua watanicheka."

"Walicheka?"

"Hawakucheka." Alizibua kibuyu, akamimina kwenye kikombe. Yalikuwa maji. "Ni ya chemchemi ya chini ya shamba la baba. Hayana kitu. Nimechuja kwa kitambaa, mara mbili. Kunywa."

Nilionja kwanza, kama inavyotakiwa, nikampa. Alikunywa, akampa Baba Mwenda. Kikombe kilizunguka watu watatu, kisha dada yangu, ambaye huwa haombi kwa sauti mbele ya watu, aliomba. Sikusikia maneno yote. Nilisikia jina la mama.

Hakuzungumza habari ya kipande cha jembe, nami sikuuliza kiko wapi. Alipokuwa akiondoka nilitaka kumtilia maharagwe kwenye kibuyu. Aliusukuma mkono wangu.

"Usinipe sasa. Na usinitumie na Mwenda wala mtu mwingine," alisema. "Igoki, kibuyu hiki utakileta Kanja wewe mwenyewe."

Kiko juu ya kabati. Bado napewa damu, ingawa mifuko imeachana kidogo, na vidonge bado vinanigeuza tumbo. Daktari hasemi tena tutaona, lakini hasemi neno lingine. Kuna siku naamka na madoa mapya mapajani, na siku hizo sitazami upande wa kabati. Siku nyingine, kama leo, nasimama, nakishusha, nakitia maharagwe mpaka juu, na kukibeba kuelekea kwenye lango. Nimefika langoni mara chache. Kisha namwaga maharagwe, nakirudisha kabatini, na kulala.